Namba ya Mlangoni

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kaye mpya leo, daftari safi. Ile ya zamani imejaa, na nusu yake ni watu niliotaka kuwagombeza nikaishia kuwagombeza kwenye karatasi. Ni ushauri wa Assia. Mke wangu anasema ulimi wangu utanifukuzisha kazi, bora niuchovye kwenye wino. Sawa. Naandika, hapa hapa depo, chini ya vitabu vya bon za kutolea dawa.

Ya leo si mazuri. Mtandao umeanguka mara nne kabla ya adhuhuri. Régis wa kaunta anabonyeza, mashine yake haioni printa, haioni chochote. Wateja wamesimama na karatasi zao za vituo vya afya, na jua la Zone Industrielle linapiga bati juu yetu. Baada ya dakika chache mtandao unarudi wenyewe, hakuna aliyegusa kitu. Saa inayofuata — tena! Hivi tangu Ramadhani.

Saa tano Madame Hiba akatuita. Zamani nilimwita Hiba tu, huyu nimempeleka shule kwa mguu. Lakini tangu baba yake, Mzee Obeid, afariki na depo ya dawa kuwa yake, ni Madame. Najizoeza. Hakupaza sauti. Akipaza sauti huwa siogopi. Alisema insulini ya wikendi ya Pasaka bado imemkaa kooni.

Sote imetukaa. Umeme ulikatika, na uliporudi friji haikuwaka tena. Kile kisanduku cha kupima baridi kilitakiwa kumpelekea Madame ujumbe kwenye simu. Hakikupeleka. Jumatatu tukakuta dawa ya watu wa sukari imepata joto, katoni zote za kutupa. Nilizibeba mwenyewe. Siku tatu nilikuwa nasimama kaunta kuwaambia watu hakuna, jaribuni kwingine. Mama mmoja akaniuliza kwingine ni wapi.

Sasa Madame amesema hivi: Jumamosi saa nne asubuhi wanakuja watu wa shirika moja la kompyuta la Kigobe. Kama mpaka hapo hajaambiwa tatizo ni nini, anatia saini nao. Na Mama Shaabani hatakuwa tena fundi wetu.

Mama Shaabani! Jina lake Khadidja, lakini hakuna anayelitumia. Binti wa fundi redio wa Buyenzi, siku hizi anakaa Gihosha. Miaka kumi na moja kila waya wa depo hii umepita mikononi mwake. Madame anasema ni fundi mzuri, ila amechoka. Nikafungua mdomo kumtetea. Nikakumbuka wino. Nikaufunga.

Jumanne, 6 Mei

Mama Shaabani amefika saa mbili na nusu, kwa mguu tangu barabara kubwa. Petroli hakuna, teksi hakuna. Na ule mguu wake aliouvunja Ramadhani bado haujapona sawasawa! Hakulalamika. Aliuliza habari za Assia, za watoto, za presha yangu, ndipo akauliza habari za mtandao. Napenda mpangilio huo. Wale wa Kigobe sijui wataanza na nini.

Na anavyofanya kazi! Miwani imefungwa kwa uzi wa cherehani. Bismillah kabla ya kugusa plagi. Halafu haigusi. Anakaa. Anaangalia. Anauliza. Alimuuliza Régis, mbele ya réseau, yaani mtandao, kuanguka, unaona nini kwenye kioo? Régis akasema haoni kitu. Hakuna kitu kabisa? Basi Régis akajikuna shingo akasema, kuna kijisanduku kidogo kinatokea pembeni, cha maandishi ya Kiingereza. Anakifunga. Kila siku? Kila siku. Tangu lini? Tangu Ramadhani.

Mimi ningemrushia kiti. Yeye alicheka mpaka miwani ikamteleza.

— Masikini machine! Iko inasema kila siku, na sisi tunaifunga mudomo.

Kisha akamshukuru Régis kwa kusema ukweli. Akamshukuru! Nimekaa na jambo hilo siku nzima.

Kijisanduku kilikuwa kinasema kuna ugomvi wa adresi. Nikauliza mashine zinagombania adresi vipi. Akanijibu hivi, nakumbuka kila neno:

— Mwalimu, kila machine iko na namba mbili. Moja inazaliwa nayo, huko kiwandani, haibadilike mupaka inakufa. Ingine ni sisi tunaipatia, kama namba ya parcelle, barua zipate kufika. Sasa hapa kuna parcelle moja wamepewa watu wawili. Kila mutu na karatasi yake. Mumoja akiingia, mwengine anatoka.

Nani asiyeelewa hiyo katika mji huu! Ndugu zangu wawili hawasalimiani mwaka wa sita sasa kwa kiwanja kimoja.

(Mwalimu ananiita kwa utani, jina langu ni Anouar. Ni mimi peke yangu depo nzima niliyemaliza madrasa, na inawezekana nimewahi kulitaja hilo mara moja au mbili.)

Shida ni kwamba kijisanduku kinasema kuna ugomvi, hakisemi na nani. Kwa hiyo amekuja na programu kwenye flashi, ameipakua kwake tangu alfajiri. Kazi yake ni moja tu: inasikiliza mtandao mzima, na mashine mbili zikidai adresi moja inaandika zote mbili, saa na dakika, kwa ile namba ya kuzaliwa nayo ambayo haidanganyi. Ameamua kuiweka kwenye mashine yangu kwa sababu haizimwi kamwe. Yangu! Nimeifuta vumbi.

Tukaanza. Antivirus ikaila. Kweli kabisa: faili ilionekana kwenye kioo, ikapotea, kama samaki mbele ya paka. Mama Shaabani hakushangaa. Alisema, imefikiri ni mwizi, kitu chenye kinasikiliza kwenye milango ya watu, utakilaumu? Alipoanza kuiombea ruhusa, umeme ukaenda. Jenereta tunayo, lakini mafuta yaliyobaki ni ya friji tu.

Akakunja waya zake. Kesho inshallah, akasema. Siku nne zimebaki na anasema kesho inshallah bila sauti kutetemeka!

Jumatano, 7 Mei

IMEINGIA!

Naandika yote nisisahau. Kwanza antivirus, amezungumza nayo kwa upole: huyu ni mgeni wetu, usimguse. Halafu ikataka nywila ya mkubwa wa mashine. Madame akaja kuiandika mwenyewe na kiganja juu ya vidole, tusione. Nilikasirika. Mama Shaabani alitazama dari, kwa heshima, mpaka Madame amemaliza. Kisha kuna kipande cha pili cha kuweka, bila hicho programu ni kiziwi, inafunguka lakini haisikii kitu. Ikauliza Oui au Non mara nne. Na kila mara aliyasoma yale maandishi mpaka chini ndipo akabonyeza! Maisha yangu yote nabonyeza Oui bila kusoma. Sijui nimekubali mambo gani.

Saa kumi imepita. Kuzima. Kuwasha. Bismillah. Na orodha ikaanza kushuka kwenye kioo.

Depo yote ilikuwa pale. Mashine ya Madame, namba 3. Mashine ya Régis, namba 10. Printa. Kamera ya geti. Visanduku vya friji. Simu ya Régis, ambayo asubuhi alimwambia Madame ameisahau nyumbani! Kila mmoja na namba zake mbili. Nimefanya kazi kati ya kuta hizi miaka ishirini na mbili sikujua kuna mazungumzo mengi hivi juu ya kichwa changu. Mama Shaabani alikuwa anasoma orodha na kidole kinatembea kwenye daftari lake, kalamu ya risasi mdomoni, anatabasamu kidogo. Nilijisikia kama nimekaa karibu na daktari anayesikiliza kifua.

Halafu akanifundisha jambo ambalo sikulijua. Mzee Obeid, Mungu amrehemu, alipaka namba kwenye kila kitu humu, kabati, rafu, friji, kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake, kwa tarakimu za Kiarabu. Sisi hatuzitumii, tunasema friji ya chanjo, friji ya sukari. Lakini Mama Shaabani, tangu siku ya kwanza, alizifuata. Namba iliyo mlangoni, kisanduku chake kinapewa hiyo hiyo kwenye mtandao. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, Mzee alishapanga nyumba yake, mi nani nipange upya? Mzee yuko kaburini na namba zake bado zinafanya kazi. Nilitoka nje kidogo kupata hewa.

Kulikuwa na kichekesho pia. Alimtuma Régis amsomee namba ya rafu ya kamera. Régis akarudi: zéro. Zéro! Nilicheka mpaka machozi. Sifuri ya Kiarabu ni nukta, bwana, nukta! Kiduara ni tano! Nikamwandikia zote kumi kwenye boksi la bandeji na kumpa somo kamili, wateja wakisikiliza. Mama Shaabani akasema, mwalimu, pole pole na mutoto wa watu.

Kwenye daftari lake kila kitu kimeonekana isipokuwa namba 15, friji ya sukari. Hakujali. Alisema ile boîte inatumia betri, iko inalala, inaamka kwa saa yake kutuma baridi kisha inalala tena. Hicho ndicho kisanduku kipya tulichokifunga Ramadhani. Yeye alikuwa kitandani Gihosha, mguu kwenye plasta. Mimi ndiye niliyekifunga, simu sikioni, akinielekeza. Hata fundi wa Kigobe asingefanya vizuri zaidi.

Nimemsimulia Assia yote. Ameniuliza kama nina mpango wa kuoa mke wa pili. Nikamwambia Mama Shaabani ana mume na mume huyo ni mtu mkubwa mwenye mabega.

Alhamisi, 8 Mei

Saa tatu kamili kengele ya programu ililia. Kioo kikawa chekundu.

Adresi namba 10. Watu wawili. Mmoja mashine ya Régis. Wa pili — Inconnu, asiyejulikana. Namba yake ya kuzaliwa inaishia na 4F-C2. Dakika nane, Régis anapiga kelele kaunta mtandao umekwenda, kisha Inconnu akapotea. Yampaye inka! Kirundi kimenitoka chenyewe. Tumemwona! Nilimshika Régis mkono na kumtikisa.

Mama Shaabani akaniambia, kaa hapo, mi nachomoa waya moja moja, ikizimika piga kelele. Nimekaa kama mlinzi wa benki. Saa nne kengele. Akachomoa waya za upande wa kaunta, wa Régis tu akauacha, nyekundu ikabaki. Saa tano, za ofisi. Ikabaki. Saa sita, za geti, akiwa juu ya ngazi na mguu ule! Waya mmoja ulimkatikia mkononi akautengeneza pale pale juu, anataja rangi zake nane kwa mpangilio, blanc-orange, orange, blanc-vert, bleu, na zilizobaki, bila kutazama, kama mtu anayesoma alichokihifadhi utotoni. Nilisimama chini kushika ngazi na kusikiliza. Sijui kama kuna mtu amewahi kumwambia anafanya vizuri. Nikamwambia. Akasema, shika ngazi, mwalimu.

Kufika saa kumi waya zote zimekwisha na 4F-C2 bado yupo.

— Basi iko kitu ya bila waya, akasema.

Nikauliza, si visanduku vya friji? Akasema hivyo amevizungukia vyote jana, kila kimoja kiko kwenye parcelle yake.

— Ya quinze tu, ile ya sukari, ndo sijaiona na macho. Lakini ile ni we uliiweka.

Na akaendelea na simu za wafanyakazi. Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Ijumaa, 9 Mei. Asubuhi

Madame alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Ameangalia kioo, akasema programu hii inaonyesha ugonjwa, lakini mgonjwa yuko wapi? Mama Shaabani akajibu atampata. Madame akasema, kesho saa nne. Si mtu mbaya. Anaogopa Pasaka nyingine, nami naogopa.

Simu za wote zimekaguliwa. Si hizo. Mama Shaabani amekwenda mapema kwa ajili ya sala, mguu umevimba. Kwa mara ya kwanza nimemwona amechoka.

Ijumaa hiyo hiyo, baada ya sala

Sijui nianzie wapi.

Nimerudi kutoka msikitini saa nane. Régis ameshakwenda. Nilikaa mbele ya mashine yangu nikafungua yale maandishi ambayo programu inayahifadhi, kwa kupenda tu, kwa sababu ni mazuri kuyatazama. Saa tatu kamili. Saa nne kamili. Saa tano kamili. Hata usiku! Saa nane ya usiku, depo imefungwa, mashine ya Régis inawaka kama kila usiku, 4F-C2 ameamka, amedai adresi ya Régis dakika nane, amelala. Nikacheka peke yangu. Nani humu ndani anafanya kazi dakika nane kwa saa halafu analala?

Halafu kicheko kikaniishia.

Nimekwenda kwenye friji ya sukari. Nimekishusha kisanduku. Mgongoni kuna kibandiko, herufi ndogo ndogo. Mwisho wake 4F-C2.

Nikatazama mlango. Rangi nyekundu ya Mzee Obeid: ١٥.

Kijiti na kiduara. Moja na tano. Kumi na tano.

Na nikakumbuka yote. Ramadhani, alasiri, koo kavu, simu kati ya sikio na bega. Mama Shaabani kutoka Gihosha: weka namba iko kwenye mulango, we unajua kuzisoma. Nikatazama kijiti na kiduara, na vidole vyangu vikaandika 1, vikaandika 0. Dix! Kama Régis! Kama mtu ambaye hajawahi kukalia mkeka wa madrasa hata siku moja! Nikamwambia tayari. Akaniuliza, uko na uhakika? Na mimi nikamjibu — Mungu anisamehe — unamuuliza mwalimu?

Hakuuliza tena. Hata jana hakuuliza. Kila kitu cha depo hii amekwenda kukitazama kwa macho yake isipokuwa kile nilichofanya mimi.

Kwa hiyo Pasaka ni mimi. Kisanduku kiliamka kutoa taarifa, kikakuta parcelle ina mtu, ujumbe haukutoka. Katoni nilizozibeba ni mimi. Yule mama aliyeniuliza kwingine ni wapi.

Nilikaa juu ya ndoo mbele ya friji, sijui muda gani.

Kubadilisha ni kazi ya dakika tano. Nakumbuka vitufe. Nafuta sifuri, naweka tano, na kesho asubuhi kengele hailii, mtandao ni mzima, hakuna atakayejua milele. Kidole kilikuwa pale. Lakini nikifanya hivyo, Mama Shaabani ataingia kwa Madame na nini? Atasema mtandao umepona, sijui kwa nini? Madame atatia saini na wale wengine hapo hapo. Na Pasaka itabaki na jina la Mama Shaabani.

Nimekirudisha kisanduku mahali pake na kosa lake ndani. Kesho nitamwambia yeye kwanza, kisha Madame. Nimeapa.

Assia ameuliza mbona sili. Nikasema presha.

Jumamosi, 10 Mei

Saa moja na nusu. Nimefika kabla ya wote. Ndivyo nilivyodhani. Mlinzi wa geti akaniambia Mama Shaabani ameingia tangu saa moja. Nimemkuta mbele ya friji ya sukari, simu mkononi. Anapiga picha. Mgongo wa kisanduku. Mlango.

Amesoma zile saa kamili, kama mimi. Bila shaka amezisoma.

Akaja mpaka mezani kwangu. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio.

— Umelala vizuri, mwalimu?

— Apana.

— Na mi apana.

Akasimama. Alinisubiri. Alinipa muda wa kutosha, wa mtu yeyote mwenye ulimi, na huu wangu unaojulikana depo nzima! Nikasema chai iko kwenye termosi. Chai! Akajimiminia kikombe, akanywa chote, akakiosha, akakirudisha. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Saa mbili kengele imelia. Saa tatu imelia. Nyekundu. Sikuinuka.

Saa tatu na nusu. Ameingia kwa Madame. Ukuta wa ofisi ni wa triplai, nasikia kila kitu. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Anaeleza vizuri. Anaanza na kijisanduku cha Régis lakini hasemi ni Régis aliyekuwa anakifunga. Anaeleza parcelle. Madame anauliza maswali mazuri, mafupi. Mama Shaabani anamwambia, mugonjwa ni huyu hapa, boîte ya insuline, ilipewa dix na kumbe iko quinze. Madame anasema: kwa hiyo Pasaka...? Mama Shaabani: ndiyo, Madame. Ndo ile.

Madame anauliza nani aliyeingiza namba.

Nasikia kiti cha Mama Shaabani kikisogea.

— Iliingizwa na simu yangu, anasema. Mi ndo fundi. Mi ndo nilipashwa kuja kuangalia na macho yangu, hata na plasta. Kosa iko yangu.

Hakunitaja! Alikuwa na picha, alikuwa na maandishi, alikuwa na jina langu mdomoni, na hakulitoa. Miaka kumi na moja, na wako njiani kuja kumtoa, na ananiachia mimi mlango wazi.

Gari limeingia getini. Wale wa Kigobe, wamewahi dakika kumi. Wanaume wawili na mkoba. Régis anawapa viti.

Ndani, Madame anasema haelewi. Bila shaka anaangalia picha ya mlango. Shule yake ilikuwa ya Kifaransa, tarakimu za baba yake hakuwahi kujifunza, Mzee alikuwa akilalamika juu ya hilo mpaka anakufa. Anasema, lakini hii si dix? Mi naona dix kabisa. Moja na zéro. Kosa liko wapi? Mama Shaabani hajibu. Anajua kusoma ile namba vizuri sana, ameiandika kwenye daftari lake miaka kumi na moja. Hajibu!

Saa nne kamili. Kengele. Kioo changu chote chekundu, na kaunta Régis anawaambia wageni samahani, réseau.

Mlango wa Madame umefunguka. Amesimama na simu ya Mama Shaabani mkononi.

— Anouar! Njo kidogo. Si we unajua kusoma namba za baba? Njo utusomee hii.

Nyuma yake namwona Mama Shaabani amekaa, mikono juu ya mapaja. Hanitazami.

Kumi na tano. Naiandika kwanza hapa nisije nikaikosea tena. Kijiti na kiduara. Kumi na tano. Namwambia Madame nakuja —